Mkate wa Benki

Tanuri lilifika Jumatano saa nne asubuhi, limefungwa kamba nyuma ya lori kama ng'ombe mkaidi, na barabara kuu nzima ikaacha shughuli zake kulitazama. Kinyozi alitoka nje na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja. Muuza vitambaa akasahau kitambaa mezani, nusu kimekatwa. Hata wapiga soga wa mbele ya duka la simu, ambao hawakuwa wamenyanyuka tangu uchaguzi uliopita, walinyanyuka.

"Hilo ndilo linaloingia benki?" mmoja wao akauliza.

"Ndilo. Siku hizi ukiweka hela, unatoa slesi."

"Na riba je?"

"Riba ni makombo!"

Mama Hamira aliwasikia, akacheka kuwashinda. Asubuhi hiyo hakuna maneno ambayo yangemkera. Miaka kumi na tano alikuwa ameoka mkate uani kwake, kwenye pipa lililokatwa katikati, mvua ikinyesha anashika mwavuli kwa mkono mmoja na sinia kwa mkono mwingine, hadi watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake wakabaki na la hamira. Sasa alisimama mbele ya jengo la mawe la ghorofa mbili, funguo zake mkononi, na kila mara alipozitikisa alihisi mwili wote unataka kuruka kamba kama mtoto.

Watu waliendelea kuliita benki ingawa benki ilikuwa imehama miaka tisa. Tangu hapo jengo lilikuwa limebadilisha kazi kuliko kibarua asiyependwa na wasimamizi: lilikodisha nguo za harusi, likawa kanisa, likawa ofisi ya mgombea aliyeshindwa, mwisho likawa la njiwa. Mwenye jengo aliishi mbali, na aliposikia kuna mtu anataka kulipanga miaka mitano aliuliza mara mbili kwenye simu kama ni utani.

Haukuwa utani. Kiinua mgongo chote cha mumewe kilikuwa kimeingia mle: nusu kwenye pango, nusu kwenye tanuri la gesi la ngazi mbili lililonunuliwa kutoka chuo cha upishi kilichofungwa. Mumewe aliitwa Tarishi, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya katika jengo lilelile kwa miaka ishirini na saba, akipeleka majalada juu na kurudisha vikombe chini. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye sauti ya kuomba radhi hata anapokusalimu.

"Haya, tushushe!" Mama Hamira akasema. "Jumamosi hospitali inataka mikate mia tatu. Tanuri halioki likiwa juu ya lori."

Binti yao, aliyekuwa likizo kutoka chuo cha ufundi, alikuwa ameshatoa tepu mfukoni. Alipima tanuri. Akapima mlango. Akarudi kulipima tanuri tena, taratibu, na mama yake akaona uso wa mtoto unabadilika.

"Baba," binti akasema. "Tanuri lina mita moja na sentimita sitini na nane kila upande. Mlango una moja na ishirini na tisa."

"Lifungueni vipande," akajibu baba yake.

"Halifunguki. Limechomelewa lote, na ndani lina matofali ya moto. Baba, hukupima?"

"Nilipima tanuri," Tarishi akasema. "Nilipima na chumba."

"Na mlango?"

Tarishi aliutazama ule mlango mkubwa wa mbao na mawe yaliyochongwa pembeni yake. "Mimi nilikuwa napita mlango wa ubavuni. Huu walipita wakubwa. Nikadhani na wenyewe ni mkubwa."

Kicheko kilianzia kwa kinyozi kikaenda hadi duka la simu. Mama Hamira hakucheka. Aliona shingo ya mumewe inazama mabegani, akasogea akasimama karibu naye, bega kwa bega, ili wakicheka wawacheke wote wawili.

"Nilisema mimi," akasema wifi yake, dada wa Tarishi, mjane aliyeishi nao na aliyekuwa na neno juu ya kila kitu. "Nilisema pipa halikuwa na shida ya mlango."

"Wifi, ulisema unataka kile kibanda cha mlinzi uuzie mayai. Hicho ndicho nilichokusikia ukisema."

"Hicho pia nilisema."

Dereva wa lori akapiga honi. "Jamani, mimi nalipwa kwa safari, silipwi kwa mikutano." Basi tanuri likashushwa kwa mnyororo na jeki, likaketi kando ya barabara mbele ya jengo, kubwa, jeusi, halina pa kwenda.

Fundi mwashi, aliyeitwa kuja kujengea bomba la moshi, aliukagua mlango kwa jicho moja. "Kazi ndogo. Nakata jiwe huku sentimita ishirini, na huku ishirini. Saa mbili za kazi. Jioni tunaziba kwa saruji, hakuna atakayejua." Akachukua tindo na nyundo, akapima pa kuanzia.

"Weka nyundo chini!"

Aliyesema alikuwa afisa wa majengo ya kale kutoka halmashauri, mwanamke kijana mwenye miwani na buti zenye vumbi, anakuja mbio huku karatasi zikimponyoka kwapani. Alisimama kati ya fundi na mlango kana kwamba ni mtoto wake anayetaka kupigwa.

"Mama, umesaini mkataba. Kifungu cha nne. Jiwe la zamani halikatwi."

"Nimesoma, mwanangu. Lakini tanuri haliingii."

"Basi tafuta tanuri dogo."

"Na hela nitafute wapi?"

Afisa alivua miwani, akaifuta. Hakuwa na sura ya mtu anayefurahia. "Nilipoletwa hapa kuandika majengo ya zamani yalikuwa kumi na saba. Sasa ni sita. Kila lililokufa lilianza na mtu mmoja aliyesema ni kazi ndogo, tutaziba jioni. Mkikata, mkataba umekufa. Na hili tanuri liondoke barabarani kabla ya Ijumaa jioni. Jumamosi ni siku ya soko."

Alisema kwa adabu, lakini alisema mbele ya watu wote, na hakuna adabu inayofunika hilo. Watu wakaanza kutawanyika, kila mmoja na ushauri wake. Mteja wa kinyozi akarudi kumaliziwa kichwa.

* * *

Mchana huohuo simu ya Mama Hamira ililia wakiwa mezani. Aliyepiga alikuwa matroni wa hospitali. Mkate wa hospitali wa siku zote uliletwa na lori kutoka mji mwingine, ukafika siku ya pili, mgumu wa kupigia msumari, na matroni alikuwa amechoka kuuloweka kwenye chai ili wagonjwa waweze kuutafuna. Lakini mwenye lori alimtaka jibu leo.

"Nimwambie Jumamosi asije?" matroni akauliza. "Niambie kweli, mama. Nikimwacha halafu usilete, wagonjwa wangu wanalala njaa na mimi naitwa ofisini."

Mama Hamira aliwatazama waliokuwa mezani. Tarishi alikuwa anachezea kijiko. "Mwambie asije," akasema. "Mia tatu, saa tatu asubuhi, bado ya moto."

Alipokata simu, binti alikuwa anamkodolea macho. "Mama, umesema uongo."

"Siyo uongo. Ni ukweli uliotangulia."

"Wewe mwanamke!" akaguna wifi. "Kaka, mkeo anauza maziwa ya ng'ombe ambaye bado yuko tumboni."

Tarishi aliweka kijiko chini. "Mimi ndiye nimewaaibisha," akasema. "Miaka ishirini na saba nimelizunguka lile jengo. Kujua mlango tu kumenishinda."

Mama Hamira alijua jibu lolote lingekuwa la huruma, na huruma ingemzidishia aibu. Alichukua funguo akaenda benki peke yake. Alitaka kufagia. Mkono ukifanya kazi, kichwa hupumua.

Ndani mlikuwa na baridi nzuri na harufu ya mbao za kale. Alifagia mbele ya kaunta, akafagia ukumbi wa nyuma ambako tanuri lilitakiwa kukaa, akaingia chumba cha fedha, kile chenye mlango wa chuma ambao haukufungwa tena. Mle ndani lilibaki sefu la zamani, jeusi, zito, ambalo benki ililiacha kwa kuwa kulihamisha kungegharimu kuliko thamani yake. Alikuwa ameshaamua kuwa juu yake ataweka mifuko ya unga. Akafuta vumbi kutoka pembe hii hadi pembe ile, na kitambaa kilipofika mwisho wa mkono wake bado sefu lilikuwa linaendelea.

Alisimama. Akanyoosha mikono yote miwili. Haikutosha.

Alitoka mbio, kitambaa kikiwa bado mkononi, akavuka barabara bila kutazama huku wala kule. "Tepu!" akapiga kelele kabla hajafika mlangoni kwake. "Leteni tepu! Wote njooni!"

Walipima mara tatu, kila mtu kwa zamu yake, hata wifi ambaye hakujua tepu inasomwa upande gani. Sefu lilikuwa na mita moja na sentimita sabini na nne, na kwenda ndani lilikuwa hivyohivyo.

"Limelizidi tanuri," binti akasema.

"Sasa mniambie," akasema Mama Hamira. "Mlango wa mbele moja na ishirini na tisa. Wa ubavuni mwembamba zaidi. Madirisha yana nondo. Hili dude lilipita wapi? Lilizaliwa humu?"

Wote wakamgeukia Tarishi.

"Nililikuta," akasema. Kisha akakunja uso, na kwa mara ya kwanza siku hiyo shingo yake ikatoka mabegani. "Lakini ngoja kwanza. Kabla ya benki hapa palikuwa ghala. La nafaka na pamba. Marobota ya pamba hayapiti mlango wa wakubwa."

* * *

Walitafuta hadi jua likazama, wakigonga kuta kwa mpini wa ufagio na kutega sikio, na wakaamka Alhamisi wakaanza tena. Kuta zilikuwa nene, zote zilijibu sawa. Binti alipanda ghorofani akashuka. Tarishi alitembea chumba hadi chumba akijisemea, akikumbuka nani aliketi wapi.

Saa mbili asubuhi Mama Hamira alizunguka nje, uchochoro wa upande wa nyuma, mpana wa kupitisha mkokoteni na zaidi. Ukuta ulikuwa umepigwa lipu laini toka juu hadi chini. Katikati yake, kama kila siku, aliketi Fundi Viatu na sanduku lake, mzee mwenye kidole gumba cheusi kwa gundi.

"Habari za asubuhi, Fundi. Samahani, hebu simama kidogo."

"Kuna nini, mama? Nimekalia yai?"

Alisimama. Alikuwa ameketi juu ya ngazi moja ya jiwe, ndefu, imejengwa vizuri, inayopanda kwenda kwenye ukuta mtupu. Katikati jiwe lilikuwa limelika, limebonyea kama sahani.

"Hili bonde ni lako?" Mama Hamira akauliza.

"Mimi nina makalio ya binadamu, mama, si ya tembo. Nililikuta hivyohivyo."

"Basi nani anajenga ngazi ya kupandia ukuta?" Alianza kuita kwa sauti iliyofanya njiwa waliobaki wapae. "Baba Binti! Njoo! Njoo huku!"

Tarishi alikuja, akalitazama jiwe, akautazama ukuta, na midomo ikaanza kumcheza. "Kwa ndani hapa palikuwa na rafu za majalada," akasema. "Nyuma ya rafu kulikuwa na ufa. Umepinda kama nyusi. Kila mwaka meneja alinituma niupake chokaa, na kila mwaka ulirudi. Mimi nilidhani nilikuwa sijui kupaka."

"Umepinda kama nyusi!" binti akarukaruka. "Baba, hilo ni tao! Ni tao la mlango!"

Katika furaha ile hakuna aliyemtazama Fundi Viatu hadi alipoanza kukusanya vitu vyake: nyundo, nta, viatu vya watu, kimoja kimoja.

"Kwa hiyo mnanitoa," akasema. Hakusema kwa hasira. "Walinitoa mbele ya posta, wakanitoa stendi. Hapa nina miaka kumi na tisa. Nilipachagua kwa sababu hakuna mtu anayegombea ukuta."

Mama Hamira akaacha kushangilia. Jana tu alisimama barabarani mali yake ikiwa nje, watu wakicheka. Leo yeye ndiye aliyekuja na funguo. "Fundi, hatukutoi," akasema, na hapohapo akajua ni uongo, kwa kuwa tanuri haliwezi kumpita mtu juu. "Tunakutoa hapa. Lakini hatukutoi."

"Hayo ni maneno ya halmashauri, mama."

Wifi alikohoa.

"Mpeni kibanda," akasema.

"Kibanda gani?" Tarishi akauliza.

"Si kile cha mlinzi, pale mbele! Kina paa, kina kidirisha, kinatazama barabara. Ulitaka nikitaje mara ngapi?"

"Wifi, na mayai yako?"

"Mayai hayajaketi kwenye jiwe miaka kumi na tisa." Akamgeukia mzee kwa ukali, kama anayegombana naye. "Usinitazame hivyo. Utanishonea viatu bure, na ukikitia uchafu nakutoa mimi mwenyewe."

Fundi Viatu alifikiri. "Kina paa kweli?"

"La bati. Halivuji."

Akabeba sanduku lake, akazunguka kona kwenda kuliona.

* * *

Afisa alikuja mbio tena, safari hii akiwa ameacha karatasi zote ofisini. Aliutazama ukuta muda mrefu, akatoa kisu kidogo, akabandua lipu kwa utaratibu wa mtu anayemenya yai la kuchemsha. Lipu ikaanguka. Chini yake likatokea jiwe lililochongwa, halafu jingine limeinamia lile la kwanza. Akapanda juu ya ndoo. Mawe yalipanda, yakapinda, yakashuka upande wa pili, na ndani ya tao lile yalijaa matofali mekundu ya kisasa yaliyopangwa harakaharaka.

"Hili halipo kwenye faili," akasema. Sauti yake ilipanda kama ya msichana. "Mchoro wa mwanzo uliliwa na mchwa. Hakuna anayejua hili! Tazameni, kuna rangi. Kuna herufi!" Juu ya tao, hafifu kama alama ya jasho, paliandikwa NAFAKA NA P, na nyingine zilikuwa bado chini ya lipu.

"Mwanangu," Mama Hamira akasema taratibu, akiogopa kumwamsha. "Kifungu cha nne kinasemaje?"

"Kinasema jiwe la zamani halikatwi."

"Na hayo matofali?"

Afisa alishuka kwenye ndoo. Alikuwa na vumbi la lipu hadi kwenye kope. "Hayo si ya zamani. Hayo ni ya benki, waliyaweka baada ya kuingiza sefu lao." Akatabasamu, na ndipo walipoona ana mwanya. "Hapa hatubomoi, mama. Hapa tunafungua. Nitaleta kibali kesho asubuhi, na nitakaa hapahapa kutazama."

* * *

Ijumaa uchochoro ulijaa. Fundi mwashi alitega magogo chini ya tao, akaanza kutoa matofali kutoka juu, moja baada ya jingine, na watu wakayapokea kwa mstari na kuyapanga kando. Mama Hamira alikuwa wa tatu kwenye mstari. Mikono ilimchubuka, hakujali. Kila tofali lililotoka liliacha kipande cha giza, na gizani alianza kuona ukumbi wake kutoka upande ambao hakuna mtu aliyekuwa ameuona kwa miaka hamsini.

Walipofika nusu, jiwe la juu kabisa likalia. Ulikuwa mlio mfupi, mkavu. Vumbi likamwagika. Fundi mwashi akaganda na tofali mkononi.

"Usisogee mtu," akanong'ona.

Mama Hamira alifumba macho. Hakuomba tanuri. Aliomba tu jiwe lisimwangukie mtu. Likalia tena, likashuka unene wa ukucha, likakaa. Afisa alipapasa magogo, akapapasa jiwe, akaitikia kwa kichwa.

"Limekalia wenzake," akasema fundi mwashi, jasho likimtoka. "Wazee hawa walijua kazi. Endeleeni."

Saa nane mchana binti alipima tao. "Mita mbili na kumi na mbili!" Kelele zilizolipuka ziliwatoa hata wapiga soga wa duka la simu, na walipofika walikuta kamba zinawasubiri.

Tanuri lilibingirishwa juu ya mabomba ya chuma kutoka barabarani, likakata kona kwa kuacha nafasi ya kiganja, likapanda mbao zilizolazwa juu ya ngazi. Hapo likagoma. Waliokuwa nyuma walisukuma kila mtu kwa wakati wake, waliokuwa mbele walivuta kila mtu upande wake, na dude likaanza kurudi nyuma kidogokidogo.

"Simameni!"

Mama Hamira aligeuka kutafuta ni nani mwenye sauti ile. Alikuwa Tarishi, ndani ya tao, kamba imemzunguka kiunoni.

"Wa nyuma, msisukume hadi niseme! Kinyozi, hamia kushoto! Wewe wa simu, acha kucheka, tia mtaimbo chini ya pembe! Binti, kabari! Haya, kwa pamoja, nikisema mbili. Moja! Mbili!"

Watu walisogea alipowaambia wasogee. Hakuna aliyetania. Tanuri likapanda, likatikisika kwenye kizingiti, likaingia kwa ngurumo iliyotikisa madirisha ya ghorofani, na Tarishi akaanguka chali sakafuni, kamba ikiwa bado kiunoni, akicheka huku machozi yanamtoka. Mkewe aliketi kando yake hapohapo kwenye vumbi, akamshika mkono.

"Kaka," wifi akasema kutoka mlangoni, "kumbe una sauti. Ulikuwa umeificha wapi?"

* * *

Usiku ule fundi mwashi alimaliza bomba la moshi, na Jumamosi alfajiri sinia za kwanza ziliungua upande wa kushoto. Mama Hamira aliitazama ile mikate sitini, nusu dhahabu nusu makaa, akafunga kitambaa kichwani upya na kusema, "Kila tanuri lina tabia yake, kama mume. Sinia zigeuzwe katikati ya safari." Wakazigeuza. Za pili zikatoka sawa, za tatu zikatoka nzuri, za nne akazipiga kwa kidole chini zikalia kama ngoma ndogo, na akaanza kuimba bila kujua anaimba nini.

Saa mbili na nusu Tarishi na binti waliondoka na mkokoteni kwenda hospitali, mikate mia tatu chini ya shuka jeupe, harufu ikiwatangulia mtaani. Saa tatu na dakika tano simu ikalia.

"Nimeubonyeza kwa kidole ukarudi wenyewe," matroni akasema. Nyuma yake vijiko vililia kwenye vikombe. "Jumatatu leta mia nne."

Mbele ya kaunta watu walikuwa wamejipanga tangu milango ilipofunguliwa, na bado walinong'ona, kwa mazoea ya benki.

"Nimekuja kutoa," akasema wa kwanza, mmoja wa wapiga soga.

"Kiasi gani?" Mama Hamira akauliza kwa uso mkavu.

"Miwili. Na ile riba mliyotuahidi."

Alimpa na kipande cha ule ulioungua, na ukumbi wote ukapasuka kwa kicheko. Nje, kidirishani, Fundi Viatu alikuwa ameshapata kisigino cha mke wa kinyozi, na wifi alikuwa amesimama hapo akimwelekeza jinsi ya kushona.

Katikati ya pilika hizo afisa aliingia na daftari kubwa la halmashauri, akaliweka juu ya kaunta. Kila jengo la kale lilikuwa na ukurasa wake. Ukurasa wa hili ulikuwa na mistari iliyoandikwa kwa mikono mbalimbali, na ule wa juu kabisa, wenye wino mbichi, ulikuwa umechomekwa hapo jana tu: ghala la nafaka na pamba. Chini yake: benki. Nguo za harusi. Kanisa. Ofisi ya mgombea. Tupu.

"Matumizi ya sasa?" afisa akauliza, kalamu tayari.

"Andika mkate."

"Andika na viatu!" wifi akapaza sauti kutoka dirishani.

Afisa akaandika mkate na viatu. Kisha akashika rula ili apige mstari wa kufunga ukurasa, kama wanavyofanya ofisini. Mama Hamira akaweka mkono wake juu ya karatasi.

"Usifunge, mwanangu. Na sisi tutaondoka siku moja. Atakayekuja lazima apate pa kuandikwa."

Alipoinua mkono, kiganja na vidole vyote vitano vilikuwa vimebaki ukurasani kwa unga. Afisa alivitazama. Alianza kuvipuliza, akaghairi, akafunga daftari na unga wake humohumo. Kisha akaenda nyuma kabisa ya watu, akashika foleni.